Waliojenga Engaruka walikwenda wapi? Kila ninayemuuliza anasema ni babu zake

#1 Mwanabonde
Wakuu, salaam.

Nazungumzia Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron. Wengi tumepita pale tukafunga vioo kwa sababu ya vumbi, basi. Lakini mteremkoni kuna mabaki ya vijiji saba vilivyojengwa kwa mawe matupu, bila tope wala chokaa ya kuyashikanisha. Chini yake kuna mashamba ya kumwagilia yapatayo hekta 2,000: mifereji, majaruba, kuta, marundo ya mawe. Vipimo vya kaboni vinaonyesha watu walilima pale tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Mjerumani Gustav Fischer alipopita mwaka 1883 alikuta magofu, na nchi yote ile ilikuwa ya Wamasai, ambao hawajengi hivyo wala hawalimi hivyo.

Swali: wale wakulima walikwenda wapi, na nini kiliwaondoa?

Nimeanza kukusanya simulizi za wazee. Mbulu wameniambia "hao ni babu zetu". Usonjo nimeambiwa hivyohivyo. Juzi Mmeru mmoja naye kadai. Hawawezi kuwa sahihi wote. Au wanaweza?

#2 Kifaru Mweupe
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Chai ipo.

#3 Ole Mjini
Mbona jibu liko wazi, mkuu. Wamasai walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakakuta watu wamekalia mto mzima, wakawatoa. Hata Wadatoga, wafugaji wenzao, walitolewa Ngorongoro kwa mtindo huohuo. Mwenye mifugo akifika mahali penye maji, mwenye jembe anahama. Mnataka fumbo la nini?

#4 Karani Chakavu
Ole Mjini, simulizi ya vita ni tamu na inaisha haraka, ndiyo maana kila mtu anaipenda. Ugumu wake ni huu: kuta za Engaruka hazina sura ya ngome. Hakuna ukuta wa kuzunguka kijiji, hakuna handaki. Walikaa mteremkoni kwa sababu tambarare ilikuwa shamba, na mtu mwenye akili hajengi nyumba juu ya udongo wenye maji. Kama waliishi kwa hofu ya mikuki kwa miaka mingi, mbona hawakujilinda?

Pili, wafugaji na wakulima hawakuwa maadui siku zote. Mfugaji anahitaji nafaka, hasa wakati wa kiangazi. Ukimfukuza anayekulimia mtama utakula nini?

#5 Ole Mjini
Maziwa na damu.

#6 Karani Chakavu
Kwa miezi mingapi? Muulize mama yako.

#7 BintiMbulu
Shikamooni wakubwa. Kwetu Wairaqw kuna simulizi ya Ma'angwatay, nchi tuliyokaa zamani kabla ya kufika Irqwar Da'aw, ile ambayo wengine mnaiita Mama Isara. Wazee wanasema kulikuwa na vita na Wadatoga, watu wakaondoka. Wapo wazee wanaosema Ma'angwatay ndiyo Engaruka. Wapo wanaoipeleka upande wa Kondoa.

Mimi siwezi kuapa. Lakini tazameni kilimo. Irqwar Da'aw milima imekatwakatwa matuta, hakuna kipande kinachoachwa, samadi inabebwa hadi shambani, na ng'ombe analala ndani ya nyumba na watu. Waliochimba Engaruka wanasema nao walifuga ng'ombe wakiwa wamefungiwa zizini, wanaletewa majani, ili wapate mbolea. Sasa huyo ni Mmasai au ni Mwiraqw?

#8 Temi wa Digodigo
BintiMbulu, matuta mnayo, ila mifereji yenu iko wapi? Kule kwenu mvua inatosha. Engaruka hakuna mvua ya kutosha kulima, kila kitu ni maji ya mto. Ukitaka kuwaona watu wa Engaruka wakiwa hai, panda gari uje Digodigo, Samunge, Sale. Sisi Watemi (Wasonjo mnavyotuita) tunamwagilia hadi leo, mteremko uleule, ukingo uleule wa bonde.

Niwape picha kidogo. Mfereji hauna saruji. Kinywa chake kinazibwa kwa matawi, mawe na tope. Zamu yako ikifika unabomoa kwa jembe sehemu ndogo tu, maji yanaingia kwako, wewe na wanao mnayakimbiza kwa miguu na majembe kutoka jaruba hadi jaruba kabla zamu haijaisha. Na zamu haipangwi na serikali. Wapo wazee wa maji, wenamiji, cheo cha kurithi. Asiye na haki ya maji anakwenda kuomba, na haendi mikono mitupu; zamani ilikuwa mbuzi. Ukiiba maji usiku, kijiji kizima kitajua kabla ya jua kutoka, maana shamba lako ndilo pekee lililolowa.

Watu waliojenga hekta 2,000 za majaruba lazima walikuwa na utaratibu kama huo. Nani mwingine kaskazini hii anao?

#9 Mfongo wa Kale
Sisi. Kilimanjaro mifongo, mifereji yetu ya maji, imeanza kabla wazungu hawajajua mlima upo. Kila ukoo na mfongo wake. Siwezi kushangaa kama...

#10 Kifaru Mweupe
Nilijua tu. Mchaga ukimwacha mwezini dakika tano atakuonyesha kihamba, shamba la ukoo, cha babu yake 😂

#11 Mfongo wa Kale
Na atakuwa amepanda migomba tayari. Endeleeni kucheka.

#12 Nyundo ya Chuma
Nyie mnajidanganya. Kazi ile ya mawe si ya mababu zetu. Walikuwa wageni, Waarabu au watu wa Misri waliokuja kutafuta dhahabu. Mtu anayejenga kwa miti na nyasi anajuaje kupima mteremko wa mfereji kilomita nzima?

#13 Karani Chakavu
Haya ndiyo yaliyokuwa yakiandikwa miaka ya 1930, Nyundo, na yaliandikwa na wakoloni. Mwingereza Huntingford alitunga "Ustaarabu wa Azania" mwaka 1933 ili kueleza kila ukuta, tuta na shimo alilokuta Kenya, kana kwamba kuna taifa moja la ajabu lililopita likajenga kisha likayeyuka. Inasikitisha kuisikia mwaka huu kutoka kwa mtoto wa nchi.

Louis Leakey, mwanaakiolojia, alifika Engaruka mwaka 1935 na, kwa sifa yake, alikataa mambo hayo. Alisema ni kazi ya Waafrika wa eneo hilo na haina umri wa zaidi ya miaka 300 hivi. Kwenye umri hakukosea sana. Na dhahabu Engaruka? Kilichopatikana ni mtama, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vigae vya vyungu.

#14 Temi wa Digodigo
Na kuhusu kupima mteremko: unaachia maji yenyewe. Unachimba hatua chache, unaruhusu maji, yakisimama umekosea, yakikimbia sana umekosea. Babu yangu hakuwa na kipimo kingine na mfereji wake unatiririka.

#15 Msomi wa Jioni
Naongezea Karani hapo #13. Leakey huyohuyo alihesabu nyumba zaidi ya 6,000 mteremkoni na kukadiria watu kati ya 30,000 na 40,000. Huo ni mji mkubwa! Wakati huo ni miji mingapi ya pwani ilikuwa na watu hivyo? Sasa watu 40,000 wanapoteaje bila mtu kukumbuka?

#16 Karani Chakavu
Hesabu ile imepunguzwa sana, Msomi. Leakey alichukua kila kijukwaa cha nyumba kana kwamba vyote vilikaliwa siku moja. Pale watu walikaa miaka 300 na zaidi. Nyumba ikizeeka unahamia kijukwaa cha pili, mtoto akioa anakata chake, vya zamani vinabaki wazi. John Sutton, aliyelifanyia kazi eneo lile kwa miaka mingi baadaye, alizungumzia elfu kadhaa tu. Na elfu kadhaa wanaweza kumezwa na majirani kwa vizazi viwili bila kelele.

Mashamba nayo ni vilevile. Mwanaakiolojia Daryl Stump alichimba kwenye majaruba akaonyesha kwamba hayakupangwa kwa mkupuo. Yaliongezwa kidogokidogo, kipande juu ya kipande. Tukiona hekta 2,000 tusidhani zote zilikuwa na mtama msimu mmoja.

#17 Dereva Mstaafu
Mimi si msomi ila barabara hiyo naijua. Mwaka 2011 wakati watu walipomiminika Samunge kunywa dawa, kikombe cha Babu, tulikuwa tunapita Engaruka usiku na mchana. Foleni hadi unapika ugali kando ya gari. Abiria wangu mmoja, mzee wa Kimasai, tulipokwama karibu na yale mawe aliniambia waliokaa pale walimalizwa na ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka. Ng'ombe wakafa, mbolea ikaisha, mashamba yakafa, watu wakatawanyika. Nikaona inaingia akilini, hasa nikiunganisha na alichosema binti hapo juu kuhusu samadi.

#18 Karani Chakavu
Dereva, sotoka iliingia kwetu miaka ya 1890. Fischer alipita 1883 na magofu yalikuwa magofu. Mzee wako aliunganisha maafa mawili. Hata hivyo hoja ya mbolea ibaki mezani. Ng'ombe wanaweza kufa kwa ugonjwa mwingine.

#19 Dereva Mstaafu
Basi nimemuuzia abiria wengi hadithi hiyo miaka yote 😂 Lakini na Karani anatukatia kila njia. Yeye mwenyewe anasema nini? Tangu asubuhi anabomoa tu kuta za wenzake.

#20 Kifaru Mweupe
Karani ni Mmasai wa uzi huu. Anafukuza kila mwenye jembe.

#21 Tot Kerio
Hamjambo majirani, niko Kenya, bonde la Kerio. Sisi Marakwet tuna mifereji inayoshuka kutoka juu ya ukingo, mingine imepitishwa kwenye mwamba kwa kuegemeza magogo na mawe, ukitazama chini unapata kizunguzungu. Nimesoma uzi wote na naona mnatafuta adui kutoka nje. Sisi tunajua adui wa mfereji ni nani. Ni kukosa watu wa kuutengeneza.

Mvua kubwa ikija inabeba kinywa chote. Ukoo unaitwa, wanaume wote wanapanda, wanakula huko, wanajenga upya. Kama vijana hawapo, au koo mbili zina ugomvi wa nani aanze, mfereji unakaa mkavu msimu mmoja. Msimu wa pili watu wameshapata shamba kwingine. Hakuna vita hapo, na hakuna ukame.

#22 BintiMbulu
Umesema wanaume wote. Wanawake je?

#23 Tot Kerio
Kwa mila yetu wanawake hawagusi kazi ya mfereji. Usinirushie mawe, mimi naripoti tu.

#24 BintiMbulu
Ndiyo maana mna upungufu wa watu wa kuutengeneza.

#25 Fundi wa Maji
Nimefanya kazi ya skimu za umwagiliaji na Engaruka nimeitembelea. Wadau mmesahau kitu kimoja: mto wenyewe.

Leo mto wa kutegemewa pale ni Engaruka tu, unaotoka nyanda za juu za Ngorongoro. Lakini mashamba ya kale yanaenea kaskazini na kusini, hadi kwenye makorongo ambayo sasa yanapata maji wakati wa mvua tu. Ukisimama kule unaona mfereji umejipanga vizuri, safu mbili za mawe, unakuja moja kwa moja kutoka kwenye korongo kavu. Hakuna anayechimba mfereji kutoka mahali pasipo na maji. Kwa hiyo ama zamani kulikuwa na maji zaidi, ama walivuna mafuriko ya msimu kwa akili kubwa.

Na hili la pili lina ushahidi. Baadhi ya majaruba yana udongo mzuri wenye kina kirefu uliokaa nyuma ya mistari ya mawe. Udongo ule umeletwa na maji. Walipunguza kasi ya mafuriko, tope likatua, wakapandisha ukuta kidogo, likatua tena. Shamba lao walilitengeneza kwa tope la mlimani.

Sasa weka ukame. Matope ya chini ya Ziwa Naivasha, Kenya, yanayohifadhi kumbukumbu ya kupanda na kushuka kwa maji, yameonyesha vipindi vya ukame mkali, na kimojawapo ni cha kati ya 1760 na 1840. Linganisha na mwisho wa Engaruka. Mimi naweka kura yangu hapo.

#26 Karani Chakavu
Nimeulizwa msimamo. Fundi yuko karibu, lakini ukame peke yake haunitoshi. Matope hayohayo ya Naivasha yanaonyesha ukame mwingine wa kati ya 1560 na 1620, na Engaruka iliuvuka. Kwa nini wa kwanza waliuvumilia na wa pili ukawashinda? Naona lililobadilika ni kwamba mara ya pili walikuwa wamejaza kila kipande, udongo umechoka, na majirani wamebadilika. Mfumo ule haukuwa na nafasi ya kupumua. Sutton naye alikuwa na mawazo yanayoelekea huko. Ole Mjini, unaona, na wewe nimekupa nafasi kidogo.

#27 Ole Mjini
"Majirani wamebadilika." Asante kwa kutuita majirani.

#28 Simba Mla Nyasi
Je, mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai? Upo hapohapo kaskazini. 2007 ulipolipuka majivu yalifunika malisho. Na zile nyayo za watu zilizogandishwa na majivu, si watu wa Engaruka hao waliokuwa wakikimbia?

#29 Karani Chakavu
Nyayo ziko Engaresero, ni mahali pengine, na ni za maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajapanga jiwe Engaruka. Majivu ya Lengai yenyewe ni hoja inayosikilizika, lete tabaka la majivu juu ya majaruba nami nitakaa kimya.

#30 Kifaru Mweupe
Karani kukaa kimya? Nitachangia nauli ya kwenda kulitafuta hilo tabaka.

#31 Mama Mahame
Niruhusuni niingie na habari isiyo ya mawe.

Mimi kijiji nilichozaliwa hakipo. Ni upande wa Handeni, tulihamishwa 1974, Operesheni Vijiji. Walikuja na malori, nyumba zikaezuliwa mapaa ili tusirudi. Mama alibeba kinu, kuku wakabaki. Leo pale ni pori, kuna miembe mitatu na ukichokonoa utaona mafiga. Sasa sikilizeni. Kijiji chetu kilipelekwa sehemu mbili, na wengine walitorokea kwa wajomba. Haijapita hata miaka 60. Nendeni mkaulize kwa nini tuliondoka. Walioko barabarani watakwambia serikali. Walioko kwa wajomba watakwambia njaa, kwa sababu mwaka ule na njaa ilikuwepo. Na yupo kaka yangu anayesema tuliondoka kwa ajili ya simba. Hakuna mwongo hapo, kila nyumba ilikuwa na lake lililowafanya waondoke siku ile.

Mwanabonde, kwa hiyo wanapokuambia wote kwamba ni babu zao, mimi sioni ajabu.

#32 Msomi wa Jioni
Mama, heshima yako.

#33 Temi wa Digodigo
Namuunga mkono Mama kwa nusu. Watu wanaweza kutawanyika, lakini ufundi wa maji haupotei njiani. Wote waliokwenda pengine wameusahau?

#34 BintiMbulu
Ukifika mahali penye mvua, kaka, mfereji wa nini? Unabaki na tuta na samadi. Ndiyo sisi hao.

#35 Temi wa Digodigo
Umejijibu vizuri, nakupa. Bado sikubali.

#36 Mzee Kalamu
Mwanabonde, ushauri wa kazi. Umekosea mlango wa kuingilia. Ukimuuliza mzee "waliojenga Engaruka ni babu zenu?" umeshampa jibu mdomoni, hasa akijua makabila mengine yamedai. Acha kutaja Engaruka kabisa. Muulize ukoo wao ulitoka wapi na ulipumzika wapi njiani. Muulize mtama wa zamani ulikuwa na rangi gani na ulihifadhiwaje. Muulize maji yalikuwa ya nani, na mtu akifa bila mtoto wa kiume zamu yake ilikwenda kwa nani. Ukipata jibu moja Mbulu na lilelile Usonjo kwenye jambo dogo lisilo na sifa, hapo umeshika kitu.

Usiwahoji wazee watatu pamoja. Mkubwa atasema, wengine wataitikia.

Na uende Nyaraka za Taifa, Dar. Maofisa wa mkoloni waliacha vitabu vya wilaya, wakaandika simulizi walizosikia kwa wazee waliozaliwa karne ya 19. Soma kwa tahadhari, mkalimani alikuwa na ukoo wake pia.

#37 Fundi wa Maji
Na afanye haraka upande wa mawe. Nilipokuwa kule niliona kuta za kale zimefunguliwa, mawe yamekwenda kujenga mfereji mpya na misingi ya nyumba. Siwalaumu, jiwe lililochongoka vizuri liko mlangoni kwako, utakwenda kununua tofali? Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Na sasa kuna mradi wa magadi soda bonde lilelile, watu na magari yataongezeka.

#38 Ole Mjini
Mradi ule tuuzungumze kwenye uzi wake, humu tutatoana macho. Ila nikuambie Fundi, wanaolima Engaruka leo kwa maji ya mto uleule ni pamoja na Wamasai. Mahindi, maharage, migomba. Zamu za maji zipo na ugomvi wa zamu upo. Mjomba wangu anayo ekari zake. Kwa hiyo hili la "Wamasai hawalimi" la #1 lina umri wake.

#39 Mfongo wa Kale
Na migomba hiyo waliitoa kwa nani? Nauliza tu.

#40 Mwanabonde
Asanteni wote. Nimenakili #8, #25, #31 na #36 kwenye daftari. Mpaka sasa mezani kuna vita, ukame, udongo uliochoka, ugonjwa wa ng'ombe, mfereji uliokosa watu, na Lengai. Wenye madai ya ukoo ni Wairaqw, Watemi, Wameru, na Mfongo wa Kale.

Hakuna aliyewataja Wambugwe, na wako karibu kuliko Wachaga. Yupo Mmbugwe humu? Na Ole Mjini, yule mjomba mwenye ekari anapatikana? Ningependa kumuuliza kama mifereji anayotumia wameichimba wao au wamezibua ya zamani.

#41 Ole Mjini
Anapatikana, ila usiende na daftari siku ya kwanza. Nenda na sukari. Na uende kabla ya mvua, pale Selela korongo likishuka utalala kwenye gari.

#42 Dereva Mstaafu
Na uchukue jembe. Si la utafiti, la kujitoa kwenye mchanga.

#43 Mmbugwe Halisi
Nimeitwa? Nimesoma kurasa zote hizi nikishangaa. Ngoja nimpigie baba, maana kuna jambo alikuwa akisema kuhusu watu walioshuka kutoka kaskazini wakiwa na mbegu ya mtama kwenye kibuyu. Narudi jioni.

#44 Karani Chakavu
Muulize rangi ya huo mtama, usimwambie kwa nini.